Gari la Bwana Linawaka, Ila Halisimami

Shamba la kahawa, juu ya Nkoaranga,
Meru, Arusha.
Jumapili mchana.

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo hii ugawane na Mama, nami naomba iwakute mmekaa barazani na si kitandani. Goti la Mama linaendeleaje tangu mvua ziishe? Na kifua chako, bado kinakusumbua alfajiri? Sisi huku, mimi na mkamwana wako Zuhura, hatuna ugonjwa. Baridi ya mlima huu ilimliza sana alipofika, lakini sasa amezoea na ananicheka mimi ninapovaa koti mchana.

Mwili ni mzima, Baba, moyo ndio haujatulia. Kesho asubuhi Bwana mwenye shamba anangoja jibu kutoka kwangu, na nisipompa, kazi yangu ya ukarani imekwisha, na nyumba tunayokaa imekwenda nayo. Nitakueleza kwa utaratibu, kama nilivyoandika kila jioni katika shajara yangu, maana nikiuacha mkono uende wenyewe nitachanganya mambo.

Nilikwisha kuwaandikia kwamba Bwana na mkewe walikwenda kwao Ulaya kwa likizo ndefu. Gari lake dogo alilifungia bandani, akatoa betri akaiweka stoo, akasema mbele yetu sote kwamba lisiguswe mpaka arudi. Ufunguo wa kuwashia gari alinipa mimi, maana milango yake haina kufuli. Ufunguo wa banda alimpa Mzee Anaeli, mlinzi, Mmeru wa hapa hapa ambaye nyumba yake imepakana na yetu. Basi masika yote gari likalala. Jumatatu iliyopita ikaja simu ya maandishi: Bwana amewahisha safari, anafika kwa treni Jumamosi, nimpelekee gari stesheni Arusha.

Leseni ninayo, na lori la shamba nililiendesha mara nyingi kabla halijauzwa, lakini gari lililolala muda mrefu sikuwahi kuliamsha. Nikakumbuka ulivyokuwa ukituambia ulipotoka kwenye malori ya jeshi: gari lililolala ni kama ng'ombe aliyelala zizini asubuhi wenzake wametoka, usimwinue kwa fimbo, mkague kwanza.

Jumanne tulifungua banda. Nilipovuta mlango wa nyuma wa gari nilipigwa na harufu tamu mpaka nikarudi nyuma. Kiti chote kilikuwa kimejaa mikungu ya ndizi, imefunikwa vizuri kwa majani makavu ya mgomba. Mke wa Mzee Anaeli, Mama Elinami, alikuwa anavundika ndizi za kupikia mbege, pombe yao, kwa ajili ya harusi ya binti yao.

"Mama Elinami! Ndani ya gari la Bwana?"

"Sasa Karani, ulitaka nizivundike wapi? Jikoni kunavuja. Humu mna joto zuri, na gari lenyewe lilikuwa halina kazi."

"Bwana anafika Jumamosi."

"Yesu wangu! Si ulisema mwezi ujao?"

"Bwana ndiye aliyesema mwezi ujao."

 Mzee Anaeli alivua kofia, akaanza kubeba mkungu mmoja mmoja, hata mimi hasira zikaniishia.

Ndizi zilitoka, lakini panya waliozifuata walikuwa wamekwisha kujenga. Chini ya boneti nilikuta kiota cha majani na manyoya juu ya injini, nyaya zimetafunwa, na mpira unaopitisha petroli umetobolewa. Baba, ningetia betri na kuwasha siku ile ile, petroli ingedondokea injini, na cheche moja tu ingetuchoma pamoja na banda. 

Jumatano nilishuka kwa miguu mpaka barabara kuu, nikapata lori la kunipeleka mjini kwa Fundi Mohinda, Singasinga mwenye gereji. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Panya ya Meru sasa iko nakula gari? Kahawa hapana tosha?"

Alinipa mpira na nyaya, akaniambia nimwage petroli yote ya zamani. Nilipotoka akaniita tena. "Karani, usikimbie. Bwana nakasirika, kesho napoa. Moto hapana poa."

Siku mbili zilizofuata sikufanya kingine. Nilifagia kiota, nikabadili mpira na nyaya, nikatoa petroli ya zamani mbali na banda nikatia mpya, nikamwaga oili iliyokuwa nzito kama uji nikatia mpya, nikajaza maji kwenye rejeta na pumzi kwenye matairi. Nilifungua plagi, nikadondosha oili kidogo katika kila tundu, kisha nikazungusha injini kwa hendeli polepole, bila betri, ili vyuma visisuguane vikavu. Kidole gumba nilikiweka upande mmoja na vidole vingine, kama ulivyotufundisha, kwa sababu hendeli ikipiga teke huvunja mkono. Tulilisukuma gari nje ili moshi usituue bandani, tukaweka mawe magurudumuni na ndoo za mchanga kando. Ijumaa alasiri nikarudisha plagi na betri. Mara ya kwanza lilikohoa. Mara ya pili likawaka. Vibarua wakapiga vigelegele, na Mama Elinami akaimba wimbo wa kanisani.

Mimi nilikuwa natazama chini ya gari kama panadondoka kitu. Hapakudondoka kitu. Nikaondoa mawe, nikaliendesha kidogo pale tambarare tunapoanika kahawa, nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka sakafuni. Gari likajiendea tu, likasimama kwa kuegemea magunia ya kahawa. Nilipochungulia, gurudumu moja la nyuma lilikuwa limelowa kwa ndani: mafuta ya breki yalikuwa yamekwisha kuvuja.

Baba, njia ya kutoka hapa unaijua kwa barua zangu. Inateremka kama ngazi, kushoto ukuta wa mlima, kulia korongo. Mjini kwenda kutafuta mafuta ya breki na kurudi muda haukuwepo.

Mzee Anaeli alisema, "Teremka polepole, Karani. Mimi nitakaa nyuma na gogo. Ukipiga kelele naruka, naliweka mbele ya gurudumu."

"Wewe utaruka, Mzee. Na mimi?"

"Wewe utasali."

"Mimi ni Mwislamu."

"Basi sali Kiislamu, ila upesi."

Nilicheka, kisha nikapima. Nisipopeleka gari, nimevunja amri. Nikilipeleka, huenda nisifike chini, na hata nikifika, nitampandisha Bwana na mkewe katika gari lisilosimama. Jumamosi alfajiri niliingia kwenye lori la maziwa la shamba jirani, nikaacha gari na mawe yake magurudumuni.

Stesheni Bwana alitazama nyuma yangu kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Gari liko wapi?"

"Linawaka, Bwana, ila halisimami."

 Mkewe alikaa mbele pamoja na dereva, yeye akapanda nyuma pamoja nami na mizigo na mikebe ya maziwa, kutoka mjini mpaka juu. Tulipofika alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akakaa, akakanyaga breki. Nikaona uso wake ulivyobadilika. Alitoka, akatazama ule mteremko. Nikadhani yamekwisha. Ndipo akafungua mlango wa nyuma, harufu ya ndizi ikamkuta.

"Nani aliweka ndizi humu?"

Nilisema, "Ufunguo wa gari ulikuwa kwangu, Bwana."

"Sikukuuliza ufunguo. Jumatatu asubuhi utaniletea jina, nalitaka kutoka kinywani mwako. Usipoleta jina, leta ufunguo na ufungashe vitu vyako."

Zuhura ananiambia, "Mume wangu, sema kweli, kweli haina kosa." Ni kweli haina kosa. Lakini homa ilipomkamata Zuhura mwezi wake wa kwanza hapa, Mama Elinami ndiye aliyekesha naye na kumbeba mgongoni mpaka hospitali. Na Mzee Anaeli hana pengine pa kulinda kwa umri wake. Jina linajulikana, ulimi ndio haulitaki. Ningekuwa karibu ningekuja kukaa miguuni pako nikakuuliza. Kwa barua, jibu lako litanikuta nimekwisha kuamua.

Nisalimie Mama sana, na Babu umwambie nakula vizuri. Nisalimie dada Mwanne na shemeji, na Shangazi, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyenifunza kushika kalamu kabla ya shule. Wadogo zangu wasome.

Baba, nilikuwa natia sahihi nikasikia hatua nje. Mzee Anaeli anapanda kwenda nyumba kubwa ya Bwana, na mkewe nyuma yake. Amevaa koti lake la kanisani, mkononi ameshika jani la isale, lile refu la kijani wanalopanda mipakani. Kwa watu wa mlima huu, aliyekosa akikuletea isale huwezi kumkatalia msamaha. Bwana amezeekea hapa, maana ya jani hilo anaijua kuliko mimi. Sikumtuma, wala sikumwambia jinsi Bwana alivyonitishia. Zuhura amesimama mlangoni na ameinamisha kichwa. Nadhani najua nani aliyepeleka habari kwa jirani.

Ameingia. Nimekaa na kalamu, siandiki kitu cha maana.

Ametoka. Mikono yake ni mitupu, jani limebaki ndani. Mama Elinami anapiga kelele kutoka juu, nakunakilia kama alivyosema: "Karani! Ufunguo kaa nao! Shuka kesho ukamlete Fundi wa breki, Bwana anasema wewe ndiye unayemjua!"

Nakwenda kuwaitikia.

Mwanao mtiifu,
Hamisi