Safi ya Mdomoni

Chumba cha Kupimia Dawa,
Hospitalini.
Jumatano, tarehe 12.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Shemeji na mapacha hawajambo? Sisi wazima, ila Mama magoti yanamsumbua na fimbo haitaki hata kuiona. Na mguu wako je? Kuhusu kile kidonda uliniandikia neno moja tu: safi.

Kaka, neno hilo sasa linanitia kichefuchefu.

Unaikumbuka mizani yetu ya kupimia unga wa dawa za watoto, ile ya ndani ya kisanduku cha kioo. Ukiipumulia tu, namba zinacheza. Kila siku inatakiwa kisahani kitolewe, pasafishwe kwa brashi laini na kitambaa chenye spiriti kidogo. Mimi nilidhani mwenzangu wa zamu ya jioni anafanya. Bosi akipita mlangoni huuliza, "Mizani vipi?" Nami namjibu, "Safi!" kama unavyomjibu mtu njiani. Kumbe anakwenda kuandika kwenye daftari la usafishaji: SAFI. Mwenzangu akilisoma, anatulia. Mwezi mzima!

Jana nikanyanyua kisahani. Chini palikuwa na dawa ya maji iliyomwagika ikaganda kama gundi, mende kanasa humo miguu juu, na makombo ya biskuti. Nikafoka, mshenzi gani anakula hapa? Halafu nikayatazama vizuri. Biskuti za tangawizi. Humu ndani anayezila ni mimi peke yangu.

Na mizani ilikuwa inasoma sifuri, imetulia tuli, maana kile kitufe cha sifuri hufuta hata mzoga. Nikarudisha kisahani, nikaweka jiwe la gramu mia, ikasoma tisini na tatu: ile gundi inakishika kisahani kisishuke. Yaani watoto wa watu tulikuwa tunawazidishia dawa.

Nimelipeleka daftari kwa Bosi mwenyewe, kila "safi" nimeikata na kuandika "haikuguswa". Wazazi wanapigiwa simu mmoja mmoja warudishe dawa. Mpaka sasa hakuna aliyedhurika. Barua ya onyo naingoja, na ni haki yangu.

Msalimie Shemeji, mapacha, na Shangazi akipita hapo. Mungu awafunike nyote.

Ila leo hii fungua bandeji, Shemeji autazame huo mguu, na yeye ndiye aniandikie. Mficha maradhi unajua kinachomuumbua. Wewe sikuamini, Kaka. Tumetoka tumbo moja.

Wako akupendaye kwa hasira,
Bibi Usafi
(jina mlinipa wenyewe, nalibeba kwa aibu)