Papa Célestin, Mshale Umeamka

Ni mwaka mmoja sasa tangu ufunguo wa pikapu uhame mfukoni mwako, Papa Célestin, ukatundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Kila anayeingia nyumbani kwetu Mangobo huutazama kwanza, ndipo anasalimia.

Ulikuwa dereva. Tunalisema kwa sauti, na asiyetaka kusikia aendelee na safari yake. Kwa miaka ishirini na miwili barabara ya Bafwasende ilikumeza Jumatatu na kukurudisha Ijumaa, umejaa matope hadi kwenye nyusi, na hakuna mgonjwa uliyemwacha kando ya njia kwa kisingizio cha kukosa nafasi. Ulimweka mbele. Mama yetu Ursule, kama yumo safarini, alihamia nyuma na mikungu ya makemba, zile ndizi za kupika, akinung'unika huku akicheka.

Macho yako hayakupenda namba ndogo, na miwani hukuitaka. Kwa hiyo mama ndiye aliyekusomea kipima mwendo, ile compteur ya zamani yenye kioo kilichofifia. "Ursule, tuko ngapi?" uliuliza kila baada ya kilima. "Makumi tatu." Ukaitika kwa kichwa, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha.

Mshale ulipoanza kurukaruka, na waya unaouendesha kulia kama panya, ulisubiri Jumapili. Baada ya misa ulitandika gunia uani, ukauchomoa waya wote kutoka ndani ya mpira wake, ukauosha kwa petroli, ukaupaka grisi kidogo kwa vidole. Ulimwita mwanao Ruffin aone.

"Shibiri ya juu iache kavu," ulimwambia. "Mafuta inapandaka."

Ruffin aliitikia bila kutazama. Alikuwa na miaka ishirini na moja na alijua kila kitu.

Mwaka uliofuata waya ulilia tena, nawe umelala na malaria. Ruffin akaamua kukushangaza. Grisi haikuwepo nyumbani, basi akachukua chupa ya mawese ya mama jikoni, akaunywesha waya mpaka ukadondosha, pamoja na ile shibiri ya juu. Baada ya juma moja mawese yalikuwa yamepanda hadi ndani ya compteur, na ubaridi wa mvua ukayagandisha. Mshale ulilala kwenye sifuri. Nyuma ya kioo, doa jekundu.

Ulicheka, Papa. "Ruffin, donc gari inakula mawese. Bon, pondu tutaiwekea lini?" Jirani yetu Papa Feruzi alishika ukuta asianguke. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa ukimwita Ruffin Pondu, yaani kisamvu cha mawese. Mwanao ana moto kichwani, na moto huo hakuuokota njiani, aliurithi kwako. Alifunga begi, akavuka mto kwenda kuishi Lubunga, akaapa hatagusa tena gari lako. Miezi minane hakurudi.

Tulidhani utaitengeneza compteur Jumapili iliyofuata. Hukuitengeneza. Uliendesha kwa masikio, na kila baada ya kilima uliuliza vilevile.

"Ursule, tuko ngapi?"

"Zéro, papa."

"Basi bado tuko ku nyumba," ulisema, katikati ya msitu.

Orpha alipompelekea kaka yake habari kwamba hupumui vizuri, Ruffin alivuka kwa mtumbwi wa kwanza wa asubuhi. Alikuja na maneno ya msamaha aliyoyapanga njia nzima. Ukaanza wewe.

"Ile compteur sikuigusa," ulimwambia. "Ni kazi yako. Nilikuwa nakungojea."

Siku mbili baadaye ulituacha.

Mwaka mzima Ruffin hakuthubutu kuutoa ufunguo msumarini. Kama angeshindwa tena, nani angemcheka vile? Juzi Jumapili, baada ya misa, alitandika gunia lako uani. Papa Feruzi alileta petroli kwenye chupa. Ruffin alifungua kioo, akafuta mawese yaliyokauka kwa kitambaa alichokizungushia kijiti, taratibu, mshale usivunjike. Akauosha waya, akaupaka grisi kwa vidole. Alipofika juu alipima shibiri kwa mkono wake mwenyewe, akafuta hadi pakawa pakavu. Doa moja jekundu pembeni mwa kioo alikataa kulifuta.

Jana tulipanda wote kuja kaburini kwako, mama mbele, Orpha nyuma na maua. Ruffin alishika usukani bila kutazama chini, aliogopa. Tulipolipita soko ndipo akauliza, kwa sauti tuliyoijua:

"Mama, tuko ngapi?"

Mama alifuta macho kwa pindo la kitenge, akainama aone vizuri.

"Makumi tatu," akasema.

Ruffin akaitika kwa kichwa.

Tunaokukumbuka ni mjane wako Ursule, watoto wako Orpha na Ruffin, rafiki yako Feruzi, na jamaa zako wote wa Bafwasende na Lubunga. Shibiri ya juu ni kavu, Papa. Daima, kila mara mshale huo utakapoinuka, tutakukumbuka.