Nitaombaje na Mama Mkwe, na Mungu Anajua Ninachowaza?

Mpendwa Mama Solveig,

Nisaidie, maana hapa katika mji wetu mdogo sina wa kumwambia, wote ni watu wa kanisa letu na wote wananisifu. Tangu theluji ya kwanza namuuguza mama mkwe wangu, Bi Gunda, miguu imekataa na kifua kinambana, namlisha, namgeuza, nambadilishia mashuka, na mume wangu Odell kutwa yuko zizini na ng'ombe, akiingia ananiambia, "Mke wangu, wewe malaika kabisa," anakula, analala, na wanawake wa kanisani wanapigiana simu kumwombea mama, huyu akimpasha yule mpaka mji mzima umepata habari, na mimi ndiye niliyeuanzisha mlolongo huo, nilimpigia Ardis, mke wa mchungaji, nikamwambia, "Mwombeeni apone," na nilipokata simu tu moyo ukasema, afe basi, nipumzike.

Sikulitaka wazo hilo, lilikuja lenyewe, na sasa linarudi kila nikikunja mashuka. Jumapili mchungaji akitutaka tunyamaze kabla ya ungamo, kila mtu akumbuke dhambi zake moyoni, mimi kile kimya nakijaza viazi vya kuoka vya mlo wa pamoja wa kanisani, nawaza viazi, krimu, jibini, vitunguu, ilimradi Mungu asipate pa kuchungulia. Usinicheke. Kinachonitesa zaidi ni kwamba kila jioni mama ananiita, "Mwanangu, njoo tuombe, naogopa," nami namjibu, "Ngoja nimalize vyombo, mama," na vyombo vimekwisha zamani, nasimama tu pale kwenye sinki mpaka asinzie. Nitaombaje naye, na Mungu anajua ninachomtakia?

Mkwe, Dakota Kaskazini

Mdogo wangu,

Nimecheka, nisamehe, hasa ulipofika kwenye jibini. Mungu unamficha kwa viazi! Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unamficha daktari aliyekwisha kuyaona. Wazo hilo alilijua kabla hujaligundua mwenyewe. Alilijua ulipokata ile simu, na kesho yake akakuamsha na nguvu za kumgeuza mama. Binadamu tunawaogopa kwa sababu wakijua ya ndani yetu hutukimbia. Yeye anayajua yote na hajaondoka, na hiyo ndiyo faraja yetu Wakristo, sina kubwa kuliko hiyo ya kukupa. Tena aliyeliona wazo ameona na kilicho chini yake: mgongo unaouma, usingizi wa vipande vipande, na mwanamke ambaye hajamnyima mgonjwa hata kijiko kimoja cha supu.

Kwa uchovu nakuhurumia sana. Kwa habari ya vyombo, sikuhurumii hata kidogo. Unamwacha bibi wa watu peke yake na hofu yake ili wewe usijisikie mnafiki?

Sasa sikiliza. Odell mwambie leo, mezani, kabla hajashika uma, kwamba malaika hawaumwi mgongo, mkewe anaumwa. Ng'ombe wanaangaliwa kwa zamu, na mama yake aangaliwe kwa zamu, usiku wa Jumamosi na Jumapili ni wake. Akinung'unika, msomee jibu hili kwa sauti. Halafu mpigie tena Ardis, useme, "Safari hii niombeeni mimi, nimechoka." Watakuletea vyakula hadi jokofu lishindwe kufunga. Pokea, ule. Na Jumapili viazi viache jikoni. Kile kimya kikifika, sema lile neno lako kama lilivyo, bila kulipamba. Hutamshtua.

Kando ya kitanda cha mama usiombe uongo. Kama huwezi kusema apone, usiseme. Mshike mkono, useme, "Bwana, tumechoka sote wawili, na mama anaogopa, kaa nasi." Hapo hujadanganya neno hata moja. Kisha msali pamoja Baba Yetu, taratibu, kwa kadiri pumzi yake inavyomruhusu.

Jioni hii atakuita tena. Mungu ameshakusikia, mdogo wangu. Anayengoja kukusikia ni mama.