Nani Anayekunywa Maji ya Chupa?

Jumatatu, 4 Machi
Maji ya chupa ya dirishani yamepungua! Mstari niliuchora mwenyewe Ijumaa, mbele ya watoto. Leo yako chini yake kwa nusu kidole. Jioni na mwishoni mwa wiki ufunguo wa darasa anao mtu mmoja tu — mama wa usafi. Namwangalia.

Jumanne, 5 Machi
Nimewauliza watoto maji yamekwenda wapi. Makelele! Mmoja kasema chupa ilisikia kiu. Mwingine, paka. Yule binti tunayemwita Mbona, miaka mitano, ulimi hauna kufuli, kasema yametoka yenyewe, kama kwenye nguo zikianikwa. Nikamwambia nguo hukaushwa na jua, humu ndani hakuna jua. Akauliza, mbona mama akianika chumbani zinakauka? Nikawaambia waimbe.

Mama wa usafi alikuwa mlangoni na ufagio. Anacheka nini?

Jumatano, 6 Machi
Yamepungua tena. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu, nimesema yote: ufunguo, mstari, kicheko. Nikaongezea na chaki zilizopotea mwaka jana, ingawa sikumwona aliyezichukua. Akasema Ijumaa atamwita. Ikiwa kweli, kazi yake ndiyo basi. Sawa. Lisemwalo lipo.

Mbona ameomba chupa ya pili, ya kufunika. Nimempa ili anyamaze. Kaijaza sawa na ile ya kwanza, kachora mistari yake mwenyewe, imepinda.

Alhamisi, 7 Machi
Ufunguo nimeuchukua mimi. Nilitaka nimkamate vizuri: akiwa hana ufunguo maji yasiposhuka, mwizi ni yeye. Mama wa usafi amenipa kwa mikono miwili. Nimekwenda nao nyumbani, ndani ya pochi.

Ijumaa, 8 Machi
Darasa nimelifungua mimi. Hakuna aliyeingia. Chupa ya wazi imeshuka. Iliyofunikwa iko palepale kwenye mstari, na chini ya kifuniko vimatone vimejaa. Mbona kavigusa kwa kidole: yalitaka kutoka, mwalimu, yakakuta mlango umefungwa.

Nimekaa. Naona aibu. Miaka kumi na moja nafundisha!

Dirishani namwona mama wa usafi kwenye benchi la ofisi, mkoba mapajani, aproni ameshaikunja. Mlango unafunguliwa. Anasimama.

Mbona keshabeba chupa zote mbili, anataka kumwonyesha mwalimu mkuu. Yuko mlangoni, maji yanamlowesha gauni. Ananiuliza mbona bado naandika.