Kioo Kilichopimwa Kabla Hakijapoa

Mbukwa, Nyemo wangu. Unakula vizuri? Unajifunika? Sisi hapa Ihumwa wazima, na shangazi yako kajifungua salama.

Unaniuliza kama unyamaze mwalimu akisema umepima vibaya. Thubutu! Mimi nilisingiziwa hivyo hivyo enzi za Wajerumani. Bwana mmoja wa reli alikuwa akijitengenezea darubini, nami ndiye niliyemsugulia kioo chake mpaka kipate umbo. Nikimaliza tu, anafunga madirisha, anakimulika kwa taa na kusogeza wembe mbele ya jicho ili vivuli vimwonyeshe palipoinuka na palipobonyea.

“Kuna kilima katikati! Mjinga wewe!”

Nasugua kilima kiishe. Kesho yake pamekuwa shimo, nalaumiwa mimi. Akasema atanifukuza.

Nikamwambia, “Bwana, kioo kimevimba kwa joto la kusuguliwa; nikikisugua hivyo, kikipoa panabaki shimo. Hata chungu kikitoka motoni hatukigongi kukijaribu mpaka kipoe.”

Akacheka. Nikasugua upya, kisha nikauficha wembe mpaka jioni! Alipopima, kilima hakuna, shimo hakuna. Samahani hakusema, na mpaka leo inaniuma. Ila tangu siku ile, kabla ya kugusa wembe, aliniuliza mimi: “Kimepoa?”

Basi rudia kupima, kisha mwambie mwalimu, kwa adabu. Na ule ushibe.

Bibi yako anayekuwaza.