Vidonge Vyangu, Presha ya Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Ayoo,

Shikamoo. Naomba unisaidie mapema, maana jambo hili limefika mahali ambapo nacheka peke yangu jikoni halafu naogopa, na sina wa kumwambia kwa kuwa wa kumwambia ndiye ninayemficha.

Mimi ni mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo hapa Nyakato, mume wangu nimwite Masalu, mtu mpole, mzee wa kanisa, hajawahi kutoka na hata kipande cha kitambaa cha kiwanda, na tunaishi na mama yake mzazi aliyetoka Usagara baada ya kufiwa na mumewe. Mama ana presha. Hospitali ya serikali walimpima wakamwandikia vidonge vya kumeza kila siku, tukaenda dirishani tukaambiwa havipo, kanunueni nje, na huko nje Shangazi kila duka na bei yake, la kwanza bei ya kuumiza, la pili karibu mara mbili ya ile, la tatu muuzaji alinitazama viatu kwanza ndipo akataja bei, na duka moja la dawa baridi karibu na soko walinimiminia vidonge kutoka kwenye kopo bila hata kuuliza cheti cha daktari, nilipofika nyumbani nikaona rangi siyo ile. Masalu alinunua mwezi wa kwanza, akanunua wa pili, wa tatu akaanza kwenda kazini bila chai akidai ameshiba, na mama ambaye si mtu wa kudanganywa akaona, akatangaza mezani, "Masalu mwanangu, mimi nimepona, vidonge basi," mume wangu akamshukuru Mungu kwa sauti, mimi nikanyamaza kwa sababu asubuhi ileile nilimwona mama ameshika ukuta ili asianguke.

Sasa kiwanda kina zahanati yake, anatibiwa mfanyakazi, mke na watoto wanne, kadi yetu tunayo, lakini mama mzazi hayumo, nilienda kuuliza nikajibiwa wazazi ni wa kijijini. Nikawaza sana, nikaona kama kadi haimtaki mama, basi presha yake nitaibeba mimi. Siku ya kliniki nilijitwika ndoo ya maji nikapanda mbio kile kilima cha mawe nyuma ya nyumba zetu, nikashuka mbio, nikaingia zahanati moyo unagonga kama mashine za kiwandani, daktari akanifunga kile kitambaa mkononi akapuliza hewa, akakunja uso, akaniambia nirudi tena, nikarudi mara tatu na mara zote tatu nilipitia kilimani kwanza, mwishowe akaniandikia vidonge vilevile vya mama. Tangu hapo kazi tumegawana, mama anameza mimi nakimbia, na mama amenawiri Shangazi, analima mchicha, anaimba kwaya ya akina mama, na nikitoka kliniki huniuliza, "Mkwe wangu, leo presha yangu imefika jiwe la wapi?" tunacheka mpaka machozi.

Nisingeandika kama si mambo mawili. La kwanza ni mume wangu, alipoambiwa mkewe ana presha alibadilika, haniachi niinue kitu, anapakia madumu kwenye baiskeli alfajiri anakwenda bombani kuchota maji, mwanaume wa Kisukuma tena mzee wa kanisa, wanawake wanamcheka pale yeye anawajibu, "Mke wangu mgonjwa, tena ni mmoja tu," na jioni anakaa na kuniuliza siku yangu ilikuwaje, jambo ambalo tangu tuoane hajawahi kuliuliza. Kusema kweli nimependa, nimependa sana, na naogopa kwamba nikisema mimi mzima madumu yatarudi kichwani kwangu na ule ukimya wa zamani utarudi nyumbani.

La pili, kiwanda kimeuzwa, mwenye nacho mpya ameleta daktari mpya, huyu akaona presha yangu haishuki na vidonge eti nameza siku zote, akaongeza dozi, mama akaimeza hiyo dozi mpya, na Jumapili tuliposimama kusikiliza Injili akalegea akakaa sakafuni, akasema ni joto. Halafu limebandikwa tangazo, wote wenye magonjwa ya kudumu mwezi ujao walazwe hospitali kubwa siku nzima wapimwe upya. Nikilazwa bila kilima watakuta mwanamke mzima kabisa, Masalu ataonekana mwizi na pengine kazi itaota mbawa, na nikijitoa mapema nikasema nimepona, mama hana vidonge. Nimekwenda hata kwenye chama chetu cha kuzikana ambacho mama anakichangia tangu afike, mwenyekiti akaniambia chama hakitoi mpaka mtu afe.

Niendelee kukimbia au niseme? Jina langu usilitaje.

Mwenye Presha ya Kuazima, Nyakato

SHANGAZI AYOO ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina nimelificha, ingawa mwanamke anayepanda mawe mbio na ndoo kichwani kila siku ya kliniki hahitaji kutajwa, Nyakato nzima inamjua. Kwa hiyo jibu hili nimelituma kwanza kwenye sanduku la posta la kanisa lenu uliloandika nyuma ya bahasha, ulisome kabla ya jirani zako.

Nimecheka sana. Ukurasa huu hupokea malalamiko ya wanawake juu ya mama wakwe kila wiki, na nilipokuwa mkunga kule Mara niliyasikia mengine hata katikati ya uchungu wa kuzaa. Wewe umeuazima ugonjwa wa mama mkwe wako. Mungu akubariki. Kukusifu nimemaliza, sasa sikiliza.

Tangu vidonge vianze kutoka zahanati, ni nani amempima mama? Nimeisoma barua yako mara mbili nikipatafuta mahali hapo, hapapo. Aliyepimwa siku zote ni wewe ukitoka kilimani. Daktari wa watu amekuwa akitibu kilima, kilima hakisikii dawa, akaongeza dozi, na dozi ya kilima akaimeza bibi kizee. Halafu unaniandikia kuhusu joto! Huenda presha yake imeshuka kupita kiasi, huenda ni kitu kingine, mimi sijui na wewe hujui. Basi ukimaliza kusoma hapa, vaa kitenge umpeleke, kwa jina lake mwenyewe, hospitali ileile iliyompima mwanzo. Akae apumzike kabla ya kupimwa, na umwonyeshe daktari vidonge vya zamani na vipya, umweleze yote. Usimwachishe wala kumwongezea kwa akili yako.

Na lile kopo la dukani likome. Duka la dawa baridi halina ruhusa ya kuuza dawa ya cheti, mwenye duka analijua hilo, ndiyo maana hakukiuliza. Nenda ofisi ya mganga mkuu ukamseme. Serikali iliyoruhusu kila mwenye rafu afungue duka ina wajibu wa kuingia humo na kuona kilichomo. Wapo wanaotaka bei zipangwe tena na serikali kama zamani. Mimi bei zile nazikumbuka, zilikuwa nzuri sana, na dawa hazikuwepo. Ninachodai mimi ni bei ibandikwe ukutani, mnunuzi aione kabla muuzaji hajaviona viatu vyake, na mkaguzi apite bila kubisha hodi. Kwa sasa mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni, kisha uulize kwenye famasi na hospitali za misheni. Mara nyingi dawa ni ileile na bei inapungua.

Kwa Masalu usiende peke yako. Kaeni mezani watatu, na mama aanze. Yeye ndiye aliyetangaza kwamba amepona, basi atangaze mwenyewe kwamba hajapona. Akishasikia, Masalu aende kwa daktari wa kiwanda kabla tangazo halijamfuata, aseme ukweli na kurudisha vidonge vilivyobaki. Siahidi kwamba hatakaripiwa. Lakini mtu aliyekuja mwenyewe na mtu aliyefumaniwa hawatazamwi kwa jicho moja, hasa akiwa ni mtu ambaye hajawahi kuondoka na kitambaa. Baada ya hapo aungane na wenzake wamuulize huyo mwenye kiwanda mpya kwa nini wasikatwe kidogo katika mshahara, wazazi wao nao waingie kwenye kadi. Asipokubali leo, waulize tena.

Yule mwenyekiti wenu naye ana lake. Ng'ombe wa matanga ya mama yupo tayari, na kidonge cha kumchelewesha asifike huko kwenye matanga hakuna? Simama mkutanoni useme hivyohivyo, tena kwa sauti. Watu wananiuliza bima ni mdudu gani. Ni kutoa ukiwa mzima ili upate ukiwa taabani, na ninyi mnaifanya miaka yote, ila mmeianzia makaburini. Anzeni kisanduku cha wagonjwa. Mama mkwe wako anavyojua kuimba, mwekeni yeye apite kukusanya.

Limebaki lile la madumu, ambalo naona linakuuma kuliko tangazo. Unadhani mumeo ameipenda presha yako. Mwanangu, huyo mtu alifunga tumbo bila kumwambia yeyote ili mama yake ameze dawa. Mama naye akajifanya mzima bila kumwambia yeyote ili mwanawe anywe chai. Wewe ukakimbia kilimani bila kumwambia yeyote ili wote wawili wapumue. Nyumba nzima mnapendana kwa kufichana, na kidogo mama afie humo katikati. Nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja, na sijui ni lini niliwahi kupata barua kama hii.

Sema. Na ukishasema, asubuhi inayofuata usiamke. Jifunike na usikilize nje. Ukisikia madumu yanagongana kwenye baiskeli, hapo utajua alikuwa anamchotea maji nani. Usiposikia kitu, mwamshe, mpe dumu moja, chukua moja, mwende bombani pamoja, na njiani umuulize yeye siku yake ilikuwaje.