Mama Yuko Mwisho Kushoto

Jumatatu, 2 Desemba
Baba Mkubwa kaleta kazi kwenye kiwanda chetu cha uchapaji: kalenda ya ukoo. Picha moja, watu wote, na gari lake jipya. Gari limepewa nafasi ya mbele, shangazi zangu wakajibanza nyuma yake! Mama yuko mwisho kabisa kushoto. Tangu Baba afariki, huko pembeni ndiko wanakomweka.

Jumanne, 3 Desemba
Prufu, nakala ya majaribio, imetoka. Baba Mkubwa kalitazama gari, karidhika, katia sahihi. Nikampelekea Mama picha ya prufu kwa simu. Jioni mtaa mzima ulishajua kwamba yumo kwenye kalenda. Mama, ambaye hata harusini hukaa karibu na mlango!

Jumatano, 4 Desemba
Balaa. Prufu ile ilikuwa haijakatwa. Pembeni huwa tunaacha blidi — ziada ya picha, upana wa kidole, ambayo kisu huiondoa ili usibaki ukingo mweupe. Mama yumo humo humo kwenye ziada. Nikikata, linabaki bega. Na mkataji ni mimi.
Dizaina anasema si tatizo, picha isogezwe kulia kidogo. Lakini kulia kuna pua ya gari, itakatwa. Nikamuulize mwenye gari.

Alhamisi, 5 Desemba
Nimemuuliza. Kacheka. Gari lisiguswe. Mama yako si mtu wa makuu, eti, hatasema kitu.
Kweli hatasema. Ndiyo maana nina hasira!
Mashine imechapa kutwa. Gari linang'aa, lazima niseme ukweli.

Ijumaa, 6 Desemba
Karatasi zimekauka, zimeletwa kwangu. Naandika juu ya meza ya gilotini, mashine yangu ya kukatia, bosi katoka kupokea wageni. Nimesogeza kipimo upana wa kidole: Mama abaki, taa ya gari iende. Nikakirudisha. Nikakisogeza tena. Sahihi ni sahihi, na kibarua kikiota nyasi Baba Mkubwa hatanilisha.
Sauti mlangoni. Baba Mkubwa — na Mama! Kavaa gauni lile lile la kwenye picha, kaja na shoga yake ashuhudie. Bosi anasema nikate basi, wenyewe wamefika. Kipimo bado kiko upande wa Mama; Baba Mkubwa anakwepa macho yangu. Mama ananionyesha kwa kidole, anamwambia shoga yake: huyu ndiye binti yangu, bila yeye hiyo kalenda haitoki —